Kupandisha toleo la seva kwa haraka: flashi, ISO kwenye diski, au mtandao wa ndani?

Ukipandisha toleo la mfumo endeshi wa seva, saa ya kuhesabu ni moja tu: muda ambao watumiaji hawana huduma. Kupakua ISO, yaani faili moja lenye diski nzima ya kusakinishia mfumo, mchana kutwa hakumuumizi mtu. Kuandaa flashi jioni, hali kadhalika. Kinachouma ni zile dakika ambazo mfumo umezimwa, mhasibu wa SACCOS anakupigia simu, "Kaka, tunarudi saa ngapi?", na wewe macho yako kwenye asilimia zinazosogea moja moja.

Ninahudumia seva za ofisi ndogo hapa Mwanza: shule, zahanati, vyama vya akiba na mikopo. Ninapoitwa kwenye upandishaji uliokesha, mara nyingi seva yenyewe haina ugonjwa. Shida ni chombo kilichotumika, ambacho kilichaguliwa kwa mazoea: flashi iliyokuwa mfukoni, au intaneti kwa sababu ipo. Hapa naeleza ninavyochagua mimi. Mifano yangu ni Windows Server 2016 kwenda 2022, na Debian 12 kwenda 13. Debian 13 ilitoka tarehe 9 Agosti 2025, na Windows Server 2016 mwisho wake wa kupata masasisho ya kawaida ya usalama ni tarehe 12 Januari 2027, kwa hiyo kazi za aina hizi mbili ni nyingi kipindi hiki.

Piga hesabu kabla ya kuchagua

Chukua ISO ya gigabaiti 5, ambayo ndiyo saizi ya Windows Server 2022 kwa kukadiria. Kisha uliza: kila njia inaisoma kwa muda gani?

DVD ya kasi ya 16x inafika megabaiti 22 kwa sekunde, tena ikiwa inasoma ukingo wa nje tu. Karibu na katikati inapungua sana. Ukiwa na bahati utamaliza kwa dakika nne au tano, na mafaili yakiwa madogo madogo muda unaongezeka kwa sababu jicho la kifaa linarukaruka. Tundu la USB 2.0 limeandikwa megabiti 480, yaani megabaiti 60 kwa sekunde kwenye karatasi. Kwa vitendo tegemea 30 hadi 40. Hapo ISO yako inachukua kama dakika mbili na nusu. Flashi nzuri kwenye tundu la USB 3.0 ikisoma megabaiti 100 kwa sekunde inamaliza chini ya dakika moja. Mtandao wa ndani wa gigabiti moja unakupa takriban megabaiti 110 kwa sekunde, na hapo napo ni chini ya dakika moja.

Sasa ingia kwenye intaneti ya ofisi. Laini ya megabiti 10 ni megabaiti 1.25 kwa sekunde, maana megabiti unazigawanya kwa 8 ndipo upate megabaiti. Gigabaiti 5 hapo ni zaidi ya saa nzima, na hiyo ni kama hakuna mwingine anayeitumia.

Tazama hizo namba vizuri. Kati ya flashi mbovu na flashi nzuri kuna dakika moja na nusu hivi. Kati ya flashi mbovu na intaneti ya ofisi kuna saa nzima. Watu hubishana kuhusu aina ya flashi, wakati uamuzi wenye uzito ni kama mzigo umeshaingia ndani ya jengo kabla ya kuzima mfumo. Ukishaingia ndani ya jengo, hatua inayofuata ni kuuweka kwenye diski ya seva yenyewe. Kwa kazi nyingi za kupandisha toleo, hiyo ndiyo njia ya haraka kuliko zote, na ni ya bure.

Kuna sababu nyingine ya kutotegemea laini ya nje usiku wa kazi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Fundi aliyekuwa na vifurushi vyake vyote vya programu ndani ya ofisi siku ile angeweza kuendelea na kazi. Aliyekuwa amefika katikati huku anategemea intaneti alikwama na seva iliyo nusu toleo la zamani, nusu toleo jipya.

Windows Server: achana na kubuti kutoka kwenye flashi

Wengi wanaandaa flashi kwa programu ya Rufus, wanaichomeka, wanabuti (yaani wanaiwasha seva kutoka kwenye flashi hiyo), halafu wanashangaa kisakinishi hakiwapi nafasi ya kubakiza programu na mafaili. Ukibuti kutoka kwenye flashi au DVD, unachopata ni usakinishaji mpya. Kupandisha toleo papo hapo kunaanzia ndani ya Windows inayofanya kazi, kwa kuendesha `setup.exe` ukiwa umeingia kama msimamizi.

Kwa hiyo ISO iweke kwenye diski ya seva, ikiwezekana D: ili C: ibaki na nafasi. Inakili mchana kupitia mtandao wa ndani au kwa diski ya nje; huduma zinaendelea kama kawaida. Hakikisha haikuharibika njiani:

`Get-FileHash D:\iso\ws2022.iso`

Linganisha namba inayotoka na ile ya ulikopakulia. Usiku ukifika, ifungue:

`Mount-DiskImage -ImagePath D:\iso\ws2022.iso`

Itatokea kama herufi mpya ya diski, tuseme E:. Kisha:

`E:\setup.exe /dynamicupdate disable`

Lile neno la mwisho ndilo linalookoa usiku. Bila hilo, kisakinishi kinatoka kwenda kutafuta masasisho kwenye intaneti kabla hakijaanza kazi, na kwenye laini nyembamba unaweza kukaa hapo muda mrefu ukidhani kimekwama. Masasisho yachukue baadaye, huduma zikiwa zimesharudi.

Kisakinishi kitakuuliza toleo gani. Hapa soma taratibu. Kwenye orodha, jina lisilo na maneno Desktop Experience ni la Server Core, lisilo na madirisha. Seva yako ikiwa ni ya madirisha nawe ukachagua Core, kile kitufe cha kubakiza programu kinafifia na hukipati. ISO ya majaribio ya siku 180 nayo haifai kwa seva yenye leseni kamili. Tafuta ISO inayolingana na leseni ya mteja, na lugha iwe ileile.

Kuna jambo linalotuliza roho ukilijua. Katika hatua ya kwanza kisakinishi kinanakili kila kinachohitaji kwenda folda iliyofichwa ya `C:\$WINDOWS.~BT`. Seva inapojiwasha upya mara ya kwanza, ISO haihitajiki tena. Kuanzia hapo, kasi ni ya diski ya C: na prosesa, na hakuna flashi ya bei ghali itakayokusaidia. Ndiyo maana sioni faida ya kununua flashi ya kasi kubwa kwa ajili ya kupandisha Windows. Fedha hiyo ikawekwe kwenye SSD ya seva.

Kutoka 2016 unaweza kuruka moja kwa moja hadi 2022 bila kupitia 2019. Mteja akitaka 2025, toleo hilo linakubali kupandishwa moja kwa moja kuanzia 2012 R2. Kila hatua ya kati unayoiepuka ni usiku mmoja unaookoa kuliko chombo chochote. Domain controller, yaani seva inayosimamia akaunti za watumiaji wa mtandao wote, mimi siipandishi papo hapo: nasimika mpya pembeni, nahamisha majukumu, kisha naizima ya zamani.

Debian: pakua vifurushi mchana, pandisha usiku

Kwenye Debian, ISO mara nyingi haihitajiki kabisa kwa kupandisha. Apt, programu ya Debian ya kusakinisha programu nyingine, inachukua vifurushi vinavyohusu programu zilizopo kwenye seva yako tu. Unachotaka ni vifurushi hivyo viwe tayari kwenye `/var/cache/apt/archives` kabla hujagusa huduma hata moja.

Kwanza maliza masasisho yote ya Debian 12 yenyewe, hasa `openssh-server`. Hili si la hiari ukiwa unafanya kazi kwa mbali: kifurushi cha zamani cha OpenSSH kinaweza kukataa miunganisho mipya katikati ya upandishaji, na laini ikikatika wakati huo unabaki nje ya seva yako. Angalia pia nafasi kwa `df -h`, ukitazama `/var` na `/boot`. Kwa Debian 13 inashauriwa `/boot` iwe na angalau megabaiti 768, na kama 300 ziwe wazi. Seva za zamani nyingi hazina hiyo nafasi, na kutengeneza `/boot` saa sita usiku ni adhabu.

Kisha badilisha `bookworm` (jina la Debian 12) kuwa `trixie` (jina la Debian 13) kwenye orodha ya vyanzo, na uendeshe:

`apt update`
`apt full-upgrade --download-only`

Hapo seva inapakua tu. Wanafunzi wanaendelea kuingia kwenye mfumo, daktari anaendelea kufungua mafaili ya wagonjwa. Ikichukua saa nne, acha ichukue. Ila kuanzia dakika hiyo hadi usiku, mtu yeyote asisakinishe kitu kwenye seva hiyo, maana vyanzo vimeshageuka na anaweza kuvuta vifurushi vya toleo jipya bila kukusudia. Mimi huwaandikia wenzangu ujumbe na kuwaomba wathibitishe kwamba wameuona.

Usiku ukifika, ndani ya `tmux` ili kukatika kwa laini kusiue kazi:

`apt upgrade --without-new-pkgs`
`apt full-upgrade`

Vifurushi vyote viko ndani. Hapo kazi ni kufungua na kusanidi tu.

Ukiwa na seva zaidi ya moja, usiruhusu kila moja itoke nje kupakua vitu vilevile. Weka `apt-cacher-ng`, programu inayotunza nakala za vifurushi vilivyopakuliwa, kwenye laptopu yako au kwenye mashine yoyote yenye Debian hapo ofisini. Inasikiliza mlango wa 3142. Kwenye kila seva andika mstari mmoja ndani ya `/etc/apt/apt.conf.d/01proksi`, ukiweka anwani ya mashine yako:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.10.5:3142";`

Seva ya kwanza italipa gharama ya intaneti. Ya pili na kuendelea zitachota kwenye mtandao wa ndani kwa kasi ya gigabiti. Vyanzo viandikwe kwa `http` na si `https`, la sivyo akiba hiyo haiwezi kuona kinachopita. Usiogope kuhusu usalama: apt inathibitisha vifurushi kwa saini za Debian, si kwa kufuli la njia. Kwa mtu anayehudumia shule zenye seva zinazofanana, hakuna uwekezaji mdogo wenye faida kubwa kama huu. Laptopu ile ile ukiibeba kwenda shule ya pili, inafika ikiwa na mzigo wote.

Kuna wanaonakili mafaili ya `.deb` kutoka seva moja kwenda nyingine kwa `rsync`. Inafanya kazi, mradi ujue kwamba amri ya `apt` hufuta mafaili hayo baada ya kusakinisha, tofauti na `apt-get` ambayo huyaacha. Nakili kabla ya kusakinisha.

Na seva isiyo na intaneti kabisa? Hapo ndipo ISO inapopata kazi, na iwe DVD-1, si netinst. Netinst ni chini ya gigabaiti 1 na ina mfumo wa msingi tu. Mengine inategemea kuyavuta mtandaoni. Weka DVD-1 kwenye diski ya seva na uifungue bila kuichoma popote:

`mount -o loop,ro /srv/iso/debian-13-DVD-1.iso /mnt/dvd`

Kisha uiongeze kwenye vyanzo:

`deb [trusted=yes] file:/mnt/dvd trixie main`

Kwa kuwa `trusted=yes` inaiambia apt isidai saini, uthibitisho uufanye wewe kwa `sha256sum` dhidi ya orodha rasmi ya Debian. Tena usiiweke ISO kwenye `/tmp`. Kuanzia Debian 13, `/tmp` kwa kawaida inakaa kwenye RAM, na ukiwasha upya kilichokuwemo kimetoweka. DVD-1 ina vifurushi vinavyotumika sana, si vyote, na haina masasisho ya usalama yaliyotoka baada yake. Orodhesha kwanza programu za mteja na uhakikishe zimo.

Flashi bado unaihitaji

Flashi ni ya uokozi. Upandishaji ukivunjika na seva ikagoma kubuti, netinst ya Debian ina hali ya uokozi kwenye chaguo zake za ziada, na flashi ya Windows ina sehemu ya kukarabati. Kwa hiyo flashi iwe mezani, imeshajaribiwa kubuti kwenye mashine nyingine, kabla hujaanza.

Ukinunua flashi mtaani, ipime kabla ya kuiamini. Ziko zinazojitangaza gigabaiti 64 na ndani hazina hata robo; unaandika, zinakubali, ukija kusoma unapata takataka. Kwenye Linux programu ya f3 inakuambia ukweli: `f3write` inajaza flashi, `f3read` inasoma na kuhesabu kilichopotea. Inachukua muda, na ni muda wa mchana.

Kisha angalia tundu. Seva za zamani huwa na USB 2.0 mbele na 3.0 nyuma, au 2.0 kote. Chomeka flashi na uandike `lsusb -t`. Mstari wa flashi yako ukiishia na 480M, uko kwenye USB 2.0, ukiona 5000M, umepata 3.0. Kasi halisi ya kusoma unaipata hivi, baada ya kuhakikisha kwa `lsblk` jina la flashi ni lipi:

`dd if=/dev/sdb of=/dev/null bs=4M count=256 iflag=direct status=progress`

Hiyo inasoma gigabaiti moja. Ikichukua sekunde 30, ni kasi ya USB 2.0. Ikichukua sekunde 10, umo vizuri. Ikizidi dakika mbili, flashi hiyo itumie kubebea muziki.

Kwa Windows kuna kikwazo kingine. Seva nyingi zinazobuti kwa UEFI (mfumo wa kisasa wa kuwashia mashine) zinataka flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, na FAT32 haikubali faili linalofika gigabaiti 4, wakati `install.wim` mara nyingi linazidi hapo. Faili hilo linagawanyika:

`Dism /Split-Image /ImageFile:install.wim /SWMFile:install.swm /FileSize:3800`

iDRAC, iLO na mashine pepe

Kuunganisha ISO kupitia iDRAC ya Dell au iLO ya HPE, vifaa vya ndani ya seva vya kuisimamia kwa mbali, ukiwa nyumbani kunavutia, na leseni yake ikiwepo ni msaada mkubwa wa kuona skrini. Ila kwa kubeba mzigo mzito ni njia ya mwisho. Data inatoka kwenye laptopu yako, inapita kwenye laini yako ya nyumbani, kisha kwenye kidude kidogo chenye prosesa dhaifu kinachoigiza USB. Hata ukiwa kwenye mtandao wa ndani, kasi huwa megabaiti chache tu kwa sekunde. Itumie kutazama skrini na kubuti netinst, si kubeba gigabaiti 5. Kwenye Debian 13 jina la kadi ya mtandao linaweza kubadilika baada ya kuwasha upya, na hapo skrini hiyo ya mbali ndiyo itakayokuokoa.

Seva ikiwa ni mashine pepe, yaani inaendeshwa ndani ya seva nyingine, kazi ni nyepesi. Weka ISO kwenye hifadhi ya mashine mama, kwa Proxmox ni `/var/lib/vz/template/iso`, iunganishe kama DVD, na piga snapshot (nakala ya hali yake unayoweza kuirudia) kabla ya kuanza. Usomaji unakuwa wa kasi ya diski ya mashine mama. PXE, yaani kuwasha mashine kupitia mtandao, nayo ni nzuri kwa anayesakinisha upya mashine nyingi kwa mpigo. Kwa kupandisha seva moja au mbili, kuiandaa kunachukua muda kuliko kazi yenyewe.

Chombo kizuri, diski mbovu

Ukishafanya haya yote na bado upandishaji unajikokota, angalia diski ya seva. Dpkg, sehemu ya Debian inayosakinisha vifurushi vyenyewe, inahakikisha kila kifurushi kimeandikwa kweli kwenye diski kabla ya kuendelea, na diski ya kuzunguka inalipa gharama hiyo maelfu ya mara. Kwenye seva yenye kadi ya RAID (inayounganisha diski kadhaa kama moja), betri ya kadi ikifa, kadi kwa kawaida inaacha kupokea data kwenye kumbukumbu yake na inasubiri diski kwa kila kipande. Nimeona seva zenye nguvu zikitambaa kwa sababu hiyo pekee. Ingia kwenye kadi uone hali ya betri wiki moja kabla, ili kama ni ya kubadilisha upate muda wa kuiagiza Dar.

Wapo watakaokushauri kuizima tahadhari hiyo ya dpkg kwa `eatmydata`. Kwenye mashine ya majaribio, sawa. Kwenye seva ya zahanati, kwenye mji ambao umeme unaweza kukatika wakati wowote, nakusihi usifanye hivyo. Dakika kumi unazookoa hazilingani na hifadhidata ya wagonjwa iliyochanika. UPS iwe imejaa, bakapu iwe imeshajaribiwa kurejeshwa, ndipo uanze.

Ukimaliza na huduma zikathibitishwa na watumiaji wenyewe, safisha. Kwenye Windows, acha `Windows.old` siku chache hadi mteja aridhike, kisha uifute kwa Disk Cleanup. Kwenye Debian endesha `apt clean`, toa mstari wa `file:/mnt/dvd` kwenye vyanzo na urudishe vyanzo vya mtandaoni vya trixie pamoja na vya usalama. Ulitumia `apt-cacher-ng` kwenye laptopu? Futa `/etc/apt/apt.conf.d/01proksi` kwenye kila seva kabla ya kufunga begi, vinginevyo laptopu ikiondoka, `apt update` ya kesho asubuhi itagonga ukuta na masasisho ya usalama hayataingia hadi mtu agundue.